Benchi la Mama Tyyne

"Na mimi nitakaa wapi?" mama aliniuliza.

"Wapi, wapi?"

"Jumamosi. Kwenye hiyo kahawa yenu ya kuvishana pete. Nitakaa wapi, Lyyli?"

Nilikuwa na kipande cha mkate wa iliki mdomoni, nikakitafuna taratibu kuliko kilivyostahili. Mama alikuwa amesimama dirishani jikoni kwake, mtaa wa Vaasa, Kallio, kwa wafanyakazi wa Helsinki, mikono yake miwili mikubwa myekundu imeshika taulo. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Utakuwa umechoka, mama. Ijumaa ndiyo siku yenu ya watu wengi."

"Ijumaa nitaosha watu. Jumamosi nitakuwa nimeshawaosha."

"Kalervo anasema tukishaoana atakuja kukuona, kwa utulivu."

"Kalervo anajua jina langu?"

Nikanywa kahawa. Haikuwa kahawa, ilikuwa ile ya mizizi iliyokaangwa. Mwaka ule wa arobaini na nane, kahawa halisi ilipatikana kwa wenye majina tu.

"Miaka mitatu mnapendana kwa kujificha," mama akasema, "hajawahi kukuuliza mama yako anaitwa nani?"

"Anajua upo."

"Hata kunguni wanajua nipo."

Kama hukuishi Ufini enzi zile, huenda jina la Lyyli Kaskimaa halikuambii kitu. Lakini waulize wazee. Mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia kwenye filamu, katika mashamba ya shayiri na kitambaa cheupe kichwani, huku Kalervo Tuomaala ananifukuza. Nimekuwa muuza maziwa, nimekuwa binti wa bwana shamba, nimekuwa yatima mara sijui ngapi. Nchi nzima ililia nilipolia, na wakati wa vita askari walibandika picha yangu kwenye mahandaki. Mkurugenzi Rautavuo, mwenye studio, aliniokota kwenye jumba la maigizo la wafanyakazi pale pale Kallio nikiwa na miaka ishirini na miwili, akasema sura ninayo, sauti ninayo, ila ukoo sina. Basi akanitafutia ukoo. Akayaambia magazeti kwamba mimi ni binti wa nahodha wa meli wa Viipuri, nahodha ambaye bahari ilimmeza. Baada ya vita mji wa Viipuri ukabaki upande wa Warusi, na hapo hapakuwa na wa kwenda kuuliza tena. Uongo wangu ukapata kinga ya kimataifa.

Mama yangu mzazi alikuwa mwosha watu kwenye sauna ya mtaa, nyumba ya kuogea kwa mvuke. Wanaume kwa wanawake, maskini kwa tajiri, wote walilala kwenye benchi lake naye akawasugua kwa sabuni na brashi, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Na kati ya wateja wake wa Ijumaa alikuwepo Mkurugenzi Rautavuo mwenyewe, kwa sababu mvuke wa kuni wa pale haukuwa na mfano Helsinki nzima. Miaka kumi na miwili mama aliusugua mgongo wa tajiri wangu, hakuwahi kumwambia yeye ni nani.

"Ningemwambia ili iweje?" aliniambia siku moja. "Anivulie kofia? Pale hana hata suruali."

Siku ile jikoni nilikuwa na jambo jingine la kumwambia, na niliona heri nilitoe lote kwa pamoja.

"Mama, Jumamosi nitatangaza na kingine. Naacha filamu."

Akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi nasema. Nina miaka thelathini na minne. Nataka nyumba, nataka watoto, nataka kupika samaki wa mtu wangu."

"Samaki hujui hata kumpara magamba. Na yule mjane wa kivukoni je? Si ulisema ukipewa kucheza yule mjane anayevusha watu mtoni, hata ukifa kesho huna deni?"

"Atacheza mwingine."

"Hm." Akakunja taulo mara mbili, akalikunjua tena. "Haya maneno ya kuacha, ni ya kwako au umepewa?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Hunitakii mema. Kwa sababu wewe uliachwa na mwanamume, unataka na mimi niachwe."

"Mimi sikuachwa," mama akasema. "Nilimfukuza. Kaa vizuri na historia." Halafu akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna jambo nimelisikia kwenye benchi Ijumaa iliyopita."

"Jambo gani?"

"La kwenye benchi halitoki kwenye benchi. Unajua."

Nilijua. Ndiyo sheria pekee ya kazi ile. Mtu akiwa uchi, na mvuke umemlegeza, anasema yote: deni, mchepuko, ndugu aliyemwacha kwenye theluji akakimbia. Mwosha watu anasikia na kumwaga maji. Anayetoa nje neno la mteja havai tena aproni, na hakuna sauna itakayompokea.

"Sasa mbona unaniambia?"

"Sijakuambia kitu. Ninachokuambia ni kwamba mkono wangu wa kulia unauma, na Ijumaa nitahitaji mtu wa kunisaidia kuosha."

"Mkono wako hauumi."

"Ijumaa utauma."

Niliondoka nimenuna, nikabamiza mlango, nikarudi kuchukua mkoba wangu, nikaubamiza tena.

Kesho yake Kalervo akanipigia simu nyumbani. Jamani, sauti ile. Wanawake walilipa kiingilio kuisikia tu, mimi nilikuwa naipata bure sikioni.

"Kipenzi, umelala vizuri?"

"Nimelala. Wewe?"

"Nitalala Jumamosi, ukishakuwa wangu mbele ya watu. Yale maneno niliyokuandikia umeyashika?"

"Nimeyashika."

"Nisomee kidogo. Nataka kuyasikia kwa sauti yako."

Nikamsomea, nimefumba macho: "Marafiki wapenzi, leo naweka chini taa za filamu kwa hiari yangu mwenyewe, ili niwashe taa ya nyumba yangu."

Akashusha pumzi. "Unanitoa machozi."

"Kalervo, nataka mama aje."

Nikasikia akiwasha sigara.

"Kipenzi, tuliongea. Magazeti yanajua mama yako alikufa kwa huzuni ya nahodha. Umfufue mbele ya mikate? Subiri. Tukishaoana namfuata mwenyewe na maua."

"Utamfuata wapi? Unajua anakokaa?"

"Utanielekeza, mpenzi. Sasa acha nikimbie, mzee Rautavuo ananisubiri."

Akakata simu. Nilibaki na mkono wa simu kifuani. Sitawadanganya, nilikuwa nampenda. Nilimpenda kwa aibu, kama msichana wa miaka kumi na sita, na sikwenda sauna Ijumaa ili nimfumanie. Nilikwenda kumwonyesha mama kwamba amekosea.

Ijumaa mchana mama alinifunga aproni mwenyewe. Akanifunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, akazificha nywele zote za dhahabu ambazo studio ilikuwa ikizipaka rangi kila baada ya wiki mbili. Akanipa brashi.

"Sikiliza," akasema. "Ukishavaa hii, sheria ni yako pia. Utakalosikia hulirudii. Si kwangu, si kwa gazeti, si kwa kasisi. Ukiona huwezi, vua sasa."

"Naweza."

"Na mikono usiilegeze. Hawa wanalipia kuoshwa, siyo kupapaswa."

Pengine unajiuliza inawezekanaje wasinitambue, mimi ambaye sura yangu ilikuwa kwenye kila ukuta wa sinema. Huo ndio ugeni wako. Kwetu mwanamume akilala kwenye benchi haangalii uso wa anayemwosha. Ni adabu, ndiyo inayofanya jambo zima liwezekane. Yeye anakuwa hayuko uchi, na wewe unakuwa hupo. Niliwaosha watu kumi mchana ule na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusema kama nilikuwa na pua.

Wakatoka chumba cha mvuke wawili, wekundu kama wametolewa kwenye chungu. Wa kwanza mnene, akijikuna tumbo kwa raha: Mkurugenzi Rautavuo. Wa pili nilimjua kwa mgongo, nilijua hata lile kovu la kuanguka kwenye farasi wakati tunacheza filamu ya bwana shamba. Moyo ukanipasuka kidogo hapo hapo, kwa sababu hakuwahi kuniambia kwamba huwa anakuja Kallio. Mama yangu anaishi hatua chache kutoka pale, na yeye alikuwa akija kila Ijumaa kuoga.

"Mkono wangu leo mbovu," mama akawaambia. "Mpwa wangu kutoka mashambani Savo atamwosha bwana mdogo."

"Awe yeyote, mama, mradi ana nguvu," akasema Kalervo, akalala kifudifudi mbele yangu.

Nikammwagia maji ya uvuguvugu. Nikapaka sabuni. Nikaanza mabegani.

"Kwa hiyo kesho atasema?" Rautavuo akauliza kutoka benchi la pili, chini ya brashi ya mama.

"Atasema. Nimemwandikia mwenyewe. Ananisomea kwenye simu hadi anatetemeka."

"Kwa hiari yake. Hilo neno hiari lisikosekane, Kalervo. Nikimfukuza mimi, akina mama wa Tampere watakuja kunichomea sinema. Akiacha mwenyewe, tunamlilia wote, tunampa maua, na Jumatatu Marjukka anaanza mazoezi ya mjane."

"Na mimi naongoza."

"Na wewe unaongoza, tulishakubaliana. Mlete kesho aseme, filamu ya kivukoni ni yako, kuanzia maandishi hadi kamera."

Marjukka Vehmas alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mjane wangu wa kivukoni, ambaye nilimsubiri miaka minne, angekuwa na mashavu ya mtoto.

"Na harusi yenyewe lini?" Rautavuo akauliza. "Niandae hotuba?"

Kalervo akacheka. Mgongo wake ukatikisika chini ya mikono yangu.

"Harusi ipi? Uchumba ni uchumba. Kufikia majira ya vuli itapoa yenyewe."

"Atalia."

"Kulia ndiyo kazi yake, mzee. Analia vizuri kuliko wote nchini."

"Lakini ulimpenda, wewe. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa hulali."

Hapo Kalervo akahamishia shavu kwenye mkono mwingine. Nikasimamisha brashi. Naona aibu kusema hili hadi leo, lakini pale, na yote niliyokwisha kuyasikia, nilikuwa bado nasubiri aseme neno moja zuri.

"Mwaka wa kwanza, labda," akasema. "Sasa kila nikimbusu kwenye filamu nahisi nambusu shangazi."

Nikaendelea kusugua. Nikasugua kovu, nikasugua kiuno, nikarudi mabegani.

"Taratibu, mama," akalalamika, "huu ni mgongo, siyo sakafu."

Mwigizaji ni mwigizaji. Nilichukua sauti ya mama yangu, ile ya puani, na lafudhi ya Savo juu yake. "Samahani, bwana. Uchafu umekolea."

Rautavuo akacheka mpaka akakohoa.

Kwetu, kuosha kunaisha kwa ndoo ya mwisho. Unammwagia mteja maji ya uvuguvugu kichwani hadi miguuni, unamtakia afya, naye anashukuru. Nikaenda kwenye pipa la maji baridi, yale ya kisimani, nikajaza ndoo hadi ukingoni. Mama aliniona. Akasogeza tu miguu yake isilowe.

Kalervo akapiga ukelele ambao sijawahi kumsikia akiupiga hata kwenye filamu za vita.

"Kwa afya, bwana," nikasema.

Jioni ilikuwa bado nyeupe, kama jioni zetu zote za kiangazi, tulipokaa uani, juu ya kuni, mama na mimi. Mikono yangu ilikuwa imevimba kwa magadi ya sabuni. Nililia, na mama akaniacha nilie, akinitazama kama anavyotazama maji yanayochelewa kuchemka.

"Maliza," akasema. "Halafu uingie uoge."

"Kesho namwaga kila kitu. Kila gazeti lililopo Helsinki."

"Humwagi."

"Mama, haya ni maisha yangu."

"Na ile ni kazi yangu. Kuna wanaume wanakuja pale, Lyyli, hawajalala usingizi tangu vita. Wanalala kwenye lile benchi wanalia kama watoto, kwa sababu wanajua kilio chao hakivuki mlango. Ukitoa la Rautavuo leo, kesho nani atalala pale kwa amani?"

"Basi mbona ulinivalisha aproni?"

"Ili ujue. Kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine."

"Na nikijua bila kusema, itanisaidia nini? Nikavishwe pete nikatabasamu?"

Mama akaokota kipande cha gome, akakitupa. "Mimi sijasoma maigizo. Wewe ndiye wa maigizo. Lakini naona hivi: sheria inakukataza kusema walichosema wao. Haikulazimishi kusema walichokupa useme."

Nikafuta pua kwa aproni yake. Nikayageuza maneno yale kichwani. Halafu nikacheka, kicheko cha ajabu, kama mtu aliyekanyagwa.

"Mama, ile kofia yako ya kanisani ipo?"

"Ipo. Kwani?"

"Uliniuliza utakaa wapi. Utakaa katikati."

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulijaa. Waandishi wa habari walikuja kwa ajili yangu, wengine kwa ajili ya Kalervo, na wote kwa ajili ya kahawa, kwani Rautavuo alikuwa amepata kahawa halisi, na harufu yake ilifika hadi barabarani. Kulikuwa na mtu wa redio na kipaza sauti chake. Kulikuwa na Marjukka amevaa gauni la bluu, amewekwa karibu na mlango, tayari kuvutwa mbele kwa wakati wake. Na juu ya meza, kwenye mto mdogo, pete mbili za dhahabu, kwa sababu kwetu mwanamume naye huvaa ya uchumba.

Niliingia nimeshikana mkono na mama. Kofia nyeusi, koti la msiba, mkoba wa ngozi wenye kishikio kilichoshonwa.

Kalervo akaja mbio, meno yote nje. "Kipenzi, umechelewa. Huyu bibi ni nani?"

"Mgeni wangu."

"Mpe kiti kule nyuma, basi, mpenzi. Wanasubiri."

Mama akapita mbele yake, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya katikati, akakaa, akamwambia mhudumu, "Kahawa, mwanangu. Usiongeze maji." Halafu akamgeukia Mkurugenzi Rautavuo aliyekuwa pembeni yake na kikombe mkononi. "Bwana Rautavuo. Mgongo umeamkaje?"

Alikuwa hajawahi kuitazama sura ile. Lakini sauti aliijua. Miaka kumi na miwili ya Ijumaa aliisikia sauti ile juu ya kichwa chake. Akakitua kikombe mezani, nje ya sahani.

"Bibi Tyyne?" akanong'ona.

"Ndiye."

Mtu wa redio akanisogezea kipaza sauti. Nikaangalia wale watu, penseli zote juu.

"Marafiki," nikasema, "kwa miaka kumi na miwili mmeandika kwamba mimi ni binti wa nahodha wa Viipuri. Leo nimewaletea nahodha." Nikaweka mkono begani kwa mama. "Anaitwa Tyyne Kaskimaa. Anaosha watu kwenye sauna ya mtaa wa Vaasa, Kallio, na ndiye aliyenilea peke yake kwa mikono hii. Hakufa kwa huzuni. Hana muda huo."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, halafu ukumbi mzima. Mwandishi wa kike mwenye miwani, yule aliyekuwa akiandika habari za mavazi, akasimama akapiga makofi.

Kalervo akaja karibu, bado anatabasamu kwa ajili ya picha, akaninong'oneza bila kusogeza midomo. "Unafanya nini? Sema yale maneno."

"Ah, yale maneno," nikasema kwenye kipaza sauti. "Nimepewa maneno mazuri sana ya kusema hapa leo. Nimeyasahau."

Watu wakatazamana. Lyyli Kaskimaa hakuwahi kusahau maneno hata siku moja, kila mtu wa filamu alilijua hilo.

"Kipenzi, tuvae pete kwanza," Kalervo akasema kwa sauti kubwa, ile ya sinema, akachukua ule mto akaunyoosha mbele yangu.

Nikachukua pete yangu. Nikavua glavu, na hapo ndipo alipoiona mikono yangu, myekundu, imechubuka vidoleni. Akakunja uso, hajaelewa bado. Nikachukua kikombe chake cha kahawa, nikaidondosha pete ndani, nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili kama mhudumu mwema. Nikamtazama machoni, nikachukua sauti ya puani na lafudhi ya Savo.

"Kwa afya, bwana."

Sijawahi kuona damu ikiondoka kwenye uso wa mtu namna ile. Ilishuka kama pazia.

"Ulikuwa wewe," akasema.

"Alikuwa wapi?" akauliza mwandishi mwenye miwani.

"Lyyli, sikiliza," Kalervo akaanza, na alisahau kabisa kwamba kipaza sauti kilikuwa kifuani pake. "Lile la kufikia vuli nilisema kwa utani tu. Mzee ndiye aliyetaka uache, siyo mimi. Mimi nilitaka kuongoza filamu, basi. Marjukka alimchagua yeye—"

"Nyamaza, mpumbavu," akasema Rautavuo.

"—na la shangazi sikumaanisha."

Penseli zikaanza kukwaruza.

"Kufikia vuli kuna nini, Bwana Tuomaala?" mwandishi akauliza.

"Na shangazi ni nani?" akauliza mwingine.

"Bwana Mkurugenzi, ulitaka Lyyli Kaskimaa aache filamu?" akauliza wa tatu, na huyo alikuwa wa gazeti la Tampere.

Mama akashusha kikombe chake. "Sisi hatujasema kitu," akasema. "Ieleweke hivyo."

Pale kwenye mlango Marjukka, maskini, alikuwa akimtazama Kalervo kama mtu anayetazama kiatu alichotaka kukinunua na kukuta kimetoboka. Akachukua koti lake, akaondoka. Miaka ya baadaye tulikuwa marafiki wakubwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mimi nilimgeukia Rautavuo. Moyo ulikuwa unauma vibaya, na nilijua nikifika nyumbani nitaanguka sakafuni. Lakini nyumbani kulikuwa mbali bado.

"Bwana Mkurugenzi, hawa ndugu wanataka kujua kama naacha. Waambie mjane wa kivukoni ananisubiri mwezi wa nane. Au nimekosea?"

Akanitazama mimi. Akamtazama mama, ambaye alikuwa anajua mengine mengi ya Ijumaa nyingine nyingi na angekwenda nayo kaburini, ila Rautavuo hakuwa na uhakika na hilo. Jasho likamtoka bila mvuke.

"Hujakosea," akasema. "Bila shaka. Nani mwingine angemcheza?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa najiuliza."

Nilimcheza. Niliacha nywele zirudi rangi yake, nikaweka sauti ya mama yangu, ile ya puani, na studio nzima ikanikataza, na nikakataa kukatazwa. Hakuna aliyenibusu kwenye filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipooneshwa mara ya kwanza, safu ya mbele walikaa wanawake waosha watu wa Kallio yote, kofia zao nyeusi zimepangana, na waliokaa nyuma yao hawakuona kitu, wakanyamaza. Nikaendelea kucheza hadi nilipotimiza miaka sitini na minane. Mume nilimpata uzeeni, fundi wa vyombo vya muziki vya kupuliza, ambaye siku ya kwanza kabisa aliniuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Nikaolewa naye papo hapo moyoni, kanisani tulichelewa kidogo.

Kalervo alihamia Uswidi, ambako sauti yake haikuwasisimua sana. Miaka saba baada ya kahawa ile nikapokea simu ya maandishi kutoka kwake:

NIMERUDI HELSINKI. SIJAKUSAHAU. TUONANE NIKUELEZE YOTE. WAKO KALERVO.

Nilimsomea mama. Alikuwa amezeeka, lakini bado alikuwa anaosha siku moja kwa wiki.

"Utamjibu?" akauliza.

"Nishamjibu."

"Umesemaje?"

"Nimemwambia: IJUMAA SAA NANE. MTAA WA VAASA. NJOO NA TAULO."

Mama akafikiri kidogo. Ijumaa ilipofika akapasha maji, akaloweka brashi, akaweka ndoo mbili tayari, ya uvuguvugu na ya kisimani, maana kwake mteja ni mteja. Tukamsubiri hadi benchi likakauka.

Hakuja.